Ampli Iliyokosa Udongo

Najua mtakachosema. Mtasema huyu amezoea kuandika makala, na mwandishi wa makala akikosa mada hutunga. Lakini kama ningekuwa natunga, si ningejipa nafasi nzuri zaidi? Katika kisa hiki mimi ndiye mwongo, mimi ndiye mwoga, na mwishoni mtaona nimebaki na nini. Haya yalinipata mimi, hapa Kisumu, sebuleni kwangu. Tena hayakuja usiku. Yangekuja usiku ningeshukuru, maana usiku mtu anaweza kusingizia usingizi. Yalikuja saa kumi jioni, jua likichoma mabati na jirani akianua nguo.

Nianze na ampli yenyewe. Ni kisanduku cheusi cha kukuza sauti ya gitaa la umeme, kidogo kiasi cha kubebwa kwa mkono mmoja, chenye spika moja na vitufe vitatu vya kuzungusha. Si zile kubwa za jukwaani zenye valvu zinazowaka kama taa. Hii ni ya transista, ya kufanyia mazoezi chumbani bila kugombana na majirani. Ilikuwa ya rafiki yangu Owiti.

Owiti alikuwa mpiga gitaa wa Usenge, kule ufuoni upande wa Bondo. Tulijuana nilipokuwa mwanafunzi Maseno, yeye akija kupiga kwenye sherehe zetu. Alinifundisha gitaa miaka mitatu, kisha akanishauri nishike vitabu. Aliniita Digrii. Hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuniita hivyo. Alikuwa pia na tabia moja: aliulegeza uzi wa tatu wa gitaa kidogo tu, chini ya pale unapotakiwa kuwa, na vidole vyake vilijua namna ya kuufuata. "Mtu akiniibia gitaa," alisema, "atadhani ameiba ugonjwa."

Miaka sita iliyopita aliniletea ampli hii.

"Digrii, inalia. Ina mvumo kama nyuki. Ipeleke kwa fundi. Mimi naenda kisiwani kupiga kwenye harusi, sitaki iingie maji."

Kesho yake mchana akaniandikia ujumbe kwenye simu. Ninao mpaka leo: *Nimekula hapa ufuoni, ugali na samaki, ngege. Naingia mashua. Fundi amesemaje?*

Sikumjibu. Fundi mwenyewe nilikuwa sijamwona, na niliona haya kusema hivyo. Nikajiambia nitamjibu kesho.

Jioni hiyo mashua ilipinduka kwa dhoruba. Wengine walipatikana, Owiti hakupatikana. Hakukuwa na orodha ya abiria. Ufuoni mmoja alisema alimwona akipanda, mwingine akasema hapana, yule alikuwa mtu mwingine mwenye gitaa. Usiku mama yake akanipigia simu.

"Mwanangu, wewe ni msomi, hutanidanganya. Alikuwa ndani?"

Nilisikia anavyopumua. Nikasema, "Hapana, Mama. Aliniambia anakwenda Kampala, kuna hoteli inayotaka mpiga gitaa."

Niaminini, nilitaka tu alale usiku ule mmoja. Kesho ningemwambia ukweli. Lakini kesho yake alikuwa ameshautangazia ufuo mzima, na kuku ameshachinjwa. Mngefanya nini? Mimi niliahirisha. Nina kipaji hicho.

Sasa, sisi huku ziwani, mtu akipotea majini na mwili usionekane, hatumwachi hivi hivi. Tunachukua tunda la yago, lile tunda refu, zito, linaloning'inia mtini kwa kamba, tunalizika badala yake, nyumbani kwao, kwa kilio na kila kitu. Hapo mtu anapumzika. Ndugu zake Owiti walitaka kufanya hivyo. Mama akakataa. "Mtazikaje tunda la mtu aliye Kampala?" Na walipomuuliza ameyajuaje ya Kampala, alinitaja mimi, mtu wa chuo kikuu. Mjadala ukaisha.

Kwa hiyo kwa miaka sita Mama alifagia nyumba ya Owiti kila Jumamosi, akampikia, na jioni akakimwaga chakula hicho. Kila Krismasi alinipigia. "Ameandika?" "Bado, Mama. Kampala ni kubwa." Ampli ilikaa chini ya kitanda changu, na fundi sikumwona.

Mwaka huu daktari aliniambia presha yangu imepanda, nitafute jambo la kunituliza. Mke wangu, anayefundisha Kakamega na kuja nyumbani wikendi mbili kwa mwezi, akapendekeza kutembea. Nikaona kutembea ni kazi. Nikakumbuka gitaa langu la chuoni. Nikatoa ampli chini ya kitanda, nikafuta vumbi, nikaiwasha. Mvumo uleule, kama nyuki ndani ya debe. Nikaipeleka Nyalenda pamoja na gitaa, kwa Fundi Ochola, mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, anayetengeneza redio, pasi na chochote chenye waya.

Aliifungua, akatazama, akacheka. Huku kwetu mtu aliyesoma huitwa Mwalimu.

"Mwalimu, hii kitu haina shida kubwa. Haina lowo."

"Haina nini?"

"Lowo! Udongo! Wewe ni Mjaluo wa wapi?" Akanionyesha waya wa kijani uliokatika pale gitaa linapochomekwa. "Huu ndio tunaita udongo. Unapeleka stima chini. Stima ikikosa mahali pa kushukia inazurura tu humu ndani, inalia. Ikipata njia ya kwenda chini, inanyamaza. Kama mtu tu."

"Basi mbona nikishika gitaa inanyamaza?"

"Shika tena nione." Nikagusa nyuzi. Mvumo ukakatika kama umekatwa kwa kisu. Nikaondoa mkono, ukarudi. "Umeona? Mwili wako unaipa udongo. Mtu mzima ni waya, Mwalimu. Hiyo chuoni hawakufundishi?"

"Chuoni nilisoma uchumi."

"Ndiyo maana nchi iko hivi," akasema, na akawasha chuma chake cha solda.

Aliuunga waya vizuri. Pale kibandani ampli ilinyamaza, lakini nyumbani mvumo ukarudi, hafifu kidogo lakini uleule. Nikampigia Ochola. "Basi sasa ni nyumba," alisema. "Nyumba yako pia haina. Mwambie mwenye nyumba apige chuma ardhini." Mwenye nyumba aliahidi kuliangalia jambo hilo, maana yake alikuwa ameshamaliza kuliangalia. Basi nikawa napiga hivyo hivyo. Nikishika nyuzi, kimya. Nikiziachia ninywe chai, ule mvumo unaanza, na ndani ya mvumo huo nilianza kusikia swali. Fundi amesemaje? Fundi amesemaje?

Nikaamua kuiuza. Fikirini: nauza mali ya mtu ambaye, kwa maneno yangu mwenyewe, yuko Kampala na atarudi. Nilibandika karatasi kwenye duka la karibu: ampli ndogo ya gitaa, nzima, ina mvumo kidogo. Nikaandika namba ya nyumba.

Jumamosi iliyofuata, saa kumi jioni, mtu akagonga geti.

Nimejaribu mara nyingi kuikumbuka sura yake. Haiji. Nakumbuka shati: la bluu, la mikono mirefu, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni, siku ya joto vile. Alikuwa mfupi, na Owiti alikuwa mrefu. Nasema haya mjue kwamba sikumwona Owiti. Nilimwona mtu.

"Nimekuja kuona ile kitu," alisema.

"Karibu, karibu ndani."

Jirani yangu Mama Sharon alikuwa akianua nguo upande wa pili wa ua. Nikampungia mkono, naye akanipungia. Nikamkalisha mgeni, nikawasha ampli, nikachomeka gitaa. Mvumo ukajaa sebuleni. Nikaanza uchuuzi wangu.

"Usiogope kelele hii. Ni nyumba haina waya wa ardhini. Ukishika tu nyuzi, inanyamaza. Tazama." Nikagusa. Kimya. Nikampa gitaa.

Aliliweka pajani kama mtu aliyezaliwa nalo. Akatandaza kiganja chake chote juu ya nyuzi sita, taratibu, kama unavyofunika mtoto.

Mvumo haukukoma.

Nikacheka. Nikamwambia huenda mkono wake ni mkavu, aulowanishe. Akaupangusa usoni, akaurudisha. Mvumo haukukoma. Akabonyeza mpaka nyuzi zikagusa mbao. Haukukoma. Nikanyoosha mkono wangu, nikagusa uzi mmoja kwa ncha ya kidole kimoja, kando ya kiganja chake. Kimya. Nikaondoa kidole. Kiganja chake bado kiko pale pale, kizima, na ampli inalia kana kwamba hakuna aliyeishika.

"Kwako inanyamaza," alisema.

"Ni ajabu kweli. Fundi anasema..."

Yeye akageuka, na nadhani alinitazama, ingawa macho yake pia siyakumbuki.

"Enhe, Digrii," alisema, bila hasira, kama anayeendeleza mazungumzo tuliyoyaacha jana. "Fundi amesemaje?"

Nilitaka kuomba, na maneno yote ya Jumapili yakanitoroka. Kilichonitoka ni jibu, baada ya miaka sita.

"Amesema haina udongo."

"Nani hana?"

Akanyanyua kiganja kutoka kwenye nyuzi, akakitazama, huku na huku.

"Mwambie Mama aache kufagia," alisema.

Kisha akashika kile kitufe cha kukazia uzi wa tatu, akakizungusha kidogo, akaulegeza. Akaliweka gitaa juu ya kiti, akaondoka. Nilisikia geti. Mimi sikuinuka mpaka giza lilipoingia na Mama Sharon akaja mlangoni na bakuli langu alilokuwa ameliazima.

"Mwalimu, uko sawa? Mbona uko gizani?"

"Ulimwona mgeni wangu akitoka?"

"Mgeni gani? Nilikuona umefungua geti unasema karibu karibu, ukanipungia. Sikuona mtu. Nikajua unaongea na simu, zile za kuweka masikioni." Akaniangalia. "Si ni simu?"

"Ni simu," nikasema. Mnaona? Hata hapo nilidanganya.

Mtu jasiri angeondoka kwenda Usenge alfajiri iliyofuata. Mimi nilikaa siku kumi na moja. Nilijieleza kwamba ni presha, kwamba ni dawa za presha, kwamba ni joto. Kila asubuhi niliukaza uzi wa tatu mahali pake. Kila jioni niliukuta umelegea, palepale, kwa kipimo kilekile. Siku ya kumi na mbili nikapanda gari, nikaenda.

Mama nilimkuta ufuoni, ameinama juu ya nyavu, anatandaza omena, wale dagaa wa ziwani, juani kwa mikono miwili. Amezeeka. Aliponiona aliinuka, uso wake ukafunguka, na nilijua anachokitarajia. Nilikuwa sijawahi kwenda mwenyewe. Msomi anakuja mwenyewe kwa sababu gani, kama si kuleta habari?

"Ameandika!" alisema.

"Mama, Owiti hakwenda Kampala."

Aliinama tena akaendelea kutandaza. Alitandaza kiasi cha hatua tatu hivi kabla ya kusema.

"Nani amekuambia?"

"Yeye mwenyewe, siku ile. Aliniandikia akiingia mashua. Nilikudanganya, Mama."

"Soma."

Nikatoa simu, nikamsomea kwa Kijaluo. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Wanawake wa jirani walikuwa wameacha kazi.

"Alikula nini?"

"Ugali na ngege."

"Alishiba?"

"Hakuandika, Mama."

Akakaa chini juu ya mchanga, miguu imenyooka mbele, kama wanavyokaa kwenye matanga. "Kumbe alikula," alisema. "Jumamosi zote hizi nasema, mtoto wangu anakula nini huko? Kumbe alikula hapa." Alilia kidogo tu. Kisha akapangusa uso kwa mkono uliojaa magamba ya omena, akanitazama, na jicho lile sitalisahau.

"Na wewe umekaa na udongo wa mwanangu miaka sita. Ulikuwa umeuweka wapi?"

Naapa kwenu, sikuwa nimemwambia lolote la fundi. Sikuwa nimemwambia la ampli wala la mgeni. Neno hilo lilikuwa lake mwenyewe.

Mazishi yalifanyika wiki iliyofuata. Wazee walisema yago lichukuliwe na mjomba. Mama akasema, "Hapana, Mwalimu ndiye atalibeba. Ndiye aliyemweka njiani." Nikalibeba kutoka mtini hadi nyumbani. Ni zito, jamani. Ni zito kama mtoto aliyelala, na kama mtoto aliyelala halikusaidii kulibeba. Nikalilaza kwenye mkeka ndani ya nyumba ya Owiti, nyumba safi kuliko zote pale bomani. Mama akafungua sanduku, akatoa nguo ya kumvika. Lilikuwa shati la bluu, la mikono mirefu.

Alilivika tunda lile shati, akaanza kufunga vifungo. Alivifunga vyote, kimoja kimoja, mpaka cha shingoni.

Nilitoka nje nikatapika nyuma ya ghala. Watu walidhani ni uchungu.

Tulimzika mchana. Walipofukia, niliona Mama ameuegemeza ufagio kwenye mlango wa nyumba ile na kuuacha hapo. Alimshukuru kila mtu aliyekuja, kwa jina. Alipofika kwangu alisema, "Haya, wewe nenda. Krismasi sitakupigia." Hakunipa mkono.

Nilirudi Kisumu nikiwa na huzuni, lakini, niseme kweli, nikiwa mwepesi pia. Nilidhani nimemaliza. Niliwasha ampli. Ilikuwa kimya. Gitaa limechomekwa, hakuna anayeligusa, nyumba ni ileile isiyo na chuma ardhini, na kimya kabisa. Uzi wa tatu ulikuwa umekaa mahali pake. Nilisema, "Pumzika, ndugu yangu." Nikalichukua gitaa nipige wimbo mmoja wa kumuaga.

Nilipogusa nyuzi, ampli ikaanza kulia.

Nikaondoa mkono. Kimya. Nikagusa. Mvumo, kama nyuki ndani ya debe. Nikalowanisha mkono. Nikatumia mkono wa kushoto. Mke wangu alipokuja nikamwambia aguse: kimya. Nikagusa mimi: inalia. Akacheka, akasema hata mashine imeuchoka upigaji wangu. Sikucheka.

Nikaipeleka pamoja na gitaa kwa Fundi Ochola. Akagusa yeye, kimya. Nikagusa mimi. Alirekebisha miwani yake.

"Vua viatu, Mwalimu."

Kibanda chake hakina sakafu, ni ardhi tupu. Nikavua viatu na soksi, nikakanyaga udongo wa Nyalenda kwa nyayo zangu mbili, nikaweka kiganja juu ya nyuzi. Ikalia. Ochola alizima swichi. Nilingoja atanie, maana yule mtu hutania hata kwenye foleni ya hospitali. Alinirudishia ampli bila kunitazama.

"Hii kitu haina shida," alisema. "Peleka nyumbani."

Basi ndivyo nilivyo: Owiti ameupata udongo, mimi nimebaki bila. Nimemwandikia Mama barua mbili, ndugu zake Owiti wamenisomea jibu kwenye simu: amesikia. Hilo tu. Ampli iko hapa mezani ninapoandika, imewaka, imenyamaza. Kila siku jioni saa kumi nazigusa nyuzi za gitaa, kama mtu anavyopima presha. Presha yangu, kwa taarifa yenu, imeshuka.

Na wewe unayesoma, kama kuna mama wa mtu mahali uliyemwambia neno tamu ili alale usiku mmoja, usingoje mtu aje getini kwako. Mpigie leo. Mimi nilikwenda, nilisema, nililibeba tunda kwa mikono yangu, na bado nilichelewa. Nimegusa tena sasa hivi, kabla ya kuandika sentensi hii. Inalia.